Hoteli ya pwani ya Clare kwa mama wa miaka 70 na watoto wawili: tulivyochagua na kwa nini

Kisa chenyewe kiko hivi. Rafiki yangu wa Tanga anaishi Dublin na mumewe na watoto wawili, mkubwa miaka minne mdogo miwili, na mama yake mzazi alikuja kuwatembelea kwa viza ya Ayalandi ya siku 90. Mama kavuka miaka 70, magoti yanamsumbua, ngazi anapanda moja moja kashika ukuta, swala hakosi na chakula asichojua kimepikwa na nini hagusi. Alichoomba ni kimoja tu, aione bahari ya huku kabla hajarudi kwake. Mume ndo dereva peke yake na likizo yake ni ya kuombea, hela ipo ila si ya kuchezea. Wakanitumia linki nne za hoteli, shemeji akaandika chini yake, dada tuchagulie wewe, sisi tumeshachanganyikiwa na mapicha.

Nakielezea chote maana naona watu wetu wengi wakija Ayalandi, au walioko huku wakipata mgeni toka nyumbani, wanachagua hoteli kwa picha ya dirisha lenye bahari nyuma yake, halafu bibi anashinda ndani ya gari au amekaa kitandani anasubiri wenzake warudi. Mi nasema hoteli mchagulie yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote kwenye msafara. Mpangie yeye siku yake toka anaamka mpaka analala, ataoga wapi, atakula nini, atatembea wapi, wengine wote watajipata humo humo.

Linki ya kwanza niliikata saa ile ile, na hapa naomba watu wasikilize vizuri. Ilikuwa hoteli ya pwani ya Antrim, karibu na Giant's Causeway, zile nguzo za mawe meusi kama 40,000 zilizojipanga kama zimechongwa, UNESCO waliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1986. Pazuri kweli, na bei ilikuwa chee kuliko zote nne. Lakini kule ni Ayalandi Kaskazini, yaani Uingereza. Ukienda kwa gari toka Dublin hukuti geti wala kibanda cha uhamiaji, unashtukia tu vibao vya mwendo vimegeuka maili na dukani wanataka pauni, ndo maana watu wanadhani ni nchi moja. Viza ya Ayalandi haikuruhusu kukanyaga kule, ya Uingereza haikuruhusu kuja huku, na ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya bara, haikusaidii upande wowote. Upo utaratibu wa viza moja kutumika pande zote mbili lakini ni kwa raia wa China na India, Mtanzania na Mkenya hayumo. Ukaguzi wa njiani unatokea, hasa kwenye mabasi, na mama wa watu akikutwa huko ndo basi, ombi lake lijalo la viza linaingia na doa. Hoteli nzuri haistahili hiyo hatari hata ingekuwa bure.

Zikabaki tatu, zote za kwenda kwenye Cliffs of Moher, yale magenge ya mwamba yaliyosimama juu ya bahari, kule County Clare, upande wa magharibi unaotazamana na Atlantiki. Kuna njia ya utalii inaitwa Wild Atlantic Way, ilizinduliwa 2014, inafuata pwani kilomita kama 2,500 toka Donegal kaskazini mpaka Kinsale kule Cork, na watu wakiiona kwenye ramani wanapata tamaa ya kulala kila usiku mji mwingine. Na watoto wawili na bibi, hapana. Sehemu moja, begi zifunguliwe mara moja tu. Nikawaambia Clare inatosha, ina magenge ya mita 214 pale yalipopanda juu kabisa, ina mchanga, ina visiwa mbele yake, na ina mawe ya Burren ambayo mwezi wa tano na wa sita yanatoa maua katikati ya nyufa. Kwa hiyo swali likawa walale Galway, Doolin au Lahinch.

Galway nilielewa kwa nini waliitaka. Ni jiji, treni toka Dublin inachukua kama saa mbili na nusu, migahawa ya halali ipo, msikiti upo, jioni unatembea mitaani kuna watu wanapiga muziki. Shida ni kwamba magenge yako kilomita kama 75 toka pale na hizo si kilomita za barabara kuu. Ukipita ndani unakutana na Corkscrew Hill, barabara inajikunja juu ya mlima kati ya Ballyvaughan na Lisdoonvarna, ukipita pembeni unazunguka Black Head bahari iko kulia na ukuta wa mawe kushoto, na mabasi ya watalii yanakuja mbele yako. Weka saa moja na nusu kwenda, na kurudi vile vile, mtoto wa miaka miwili katapika wapi? Pia toka Februari 2025 mwendo wa juu kwenye barabara ndogo za vijijini umeshushwa toka kilomita 80 mpaka 60 kwa saa, kwa hiyo hizo hesabu za kwenye rivyuu za zamani usizitegemee.

Ila sababu yangu kubwa ya kuikataa Galway ilikuwa ukungu. Wingu la Atlantiki likishuka pale kwenye magenge unasimama ukingoni unasikia mawimbi na ndege wanalia chini yako na huoni chochote, nyeupe tupu kama umefunikwa shuka. Na linaweza kukaa asubuhi nzima halafu saa kumi jioni likaondoka lote. Anayelala kilomita 75 anakwenda mara moja, akikuta ukungu ndo imetoka hiyo. Anayelala dakika ishirini anachungulia dirishani, anakunywa chai, anasubiri. Kwenye pwani ile ukaribu una thamani kuliko mandhari ya chumbani, kwa sababu mandhari yenyewe yanakuja na kuondoka, na mimi hilo nalishikilia sana.

Doolin iko karibu, kilomita kama 8 toka kituo cha wageni. Kijiji kina sifa ya muziki wa asili, watu wanatoka mbali kuja kukaa kwenye baa zake na kusikiliza filimbi na fidla, na boti za kwenda visiwa vya Aran zinaondokea pale, Inis Oírr ndo kisiwa cha karibu, ile meli iliyopanda mwambani mwaka 1960 bado iko pale juu ya mawe inaoza na kutu. Mimi binafsi naipenda Doolin sana. Kwa mama huyu sikuiona. Kijiji kimetawanyika, nyumba chache huku, nyingine kule mbele, na katikati ni barabara nyembamba ambayo mahali pengi haina pa kutembelea kwa miguu. Ufuo ni mawe, si wa mtoto kuchezea mchanga. Jioni maisha yote yako baa, na sheria ya huku watoto wanatakiwa watoke baa saa tatu usiku, kiangazi saa nne, sasa mama yeye baa aende kufanya nini? Na ile nyumba ya wageni waliyoichagua ilikuwa na vyumba vya familia juu darini. Nilikuza picha, nikaona ngazi nyembamba ina zulia na kona katikati. Nyumba nyingi za wageni za pwani hii ni majengo ya zamani, lifti hakuna, na hawakuandiki popote kwamba hakuna lifti, wanaacha tu kuitaja. Kitu kisipotajwa chukulia hakipo mpaka uwapigie.

Lahinch ni mji mdogo wa ufukwe, unajulikana kwa mawimbi ya watu wa kuteleza na mbao na kwa gofu, na kwa sababu hiyo watu wetu wengi hawaufikirii kabisa. Lakini una kitu ambacho Doolin haina, ile njia ya lami na zege kandokando ya bahari, tambarare kabisa, ina mabenchi, ina ukuta wa kuegemea, unatembea hatua ishirini unakaa, unatembea tena. Dhoruba ya Januari 2014 iliivunja vibaya wakaijenga upya. Chini yake mchanga mpana maji yakiwa yametoka, na maji yakijaa ufukwe unamezwa karibu wote mpaka ukutani, kwa hiyo lazima uangalie saa za maji kupwa na kujaa, jambo ambalo mama wa Tanga halihitaji kufundishwa. Kiangazi waokoaji wanakuwepo, unaogelea kati ya bendera zao. Magenge ni kilomita kama 10. Na dakika tano kwa gari kuna Ennistymon, ina supamaketi, na mto wake unaporomoka kwenye mawe katikati ya mji, unauona toka darajani bila kupanda popote.

Nikawaambia Lahinch. Shemeji akajibu, lakini chumba cha kuona bahari kimejaa, kilichobaki kinatazama pakingi. Nikamwambia afadhali.

Hili la chumba cha bahari watu hawalipendi kulisikia. Pale Lahinch bahari iko magharibi. Mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne usiku na kuchomoza linachomoza saa kumi na moja na dakika chache alfajiri. Chumba kinachotazama magharibi kinawaka jua mpaka saa nne, mtoto wa miaka miwili hafumbi jicho. Upepo wa baharini unagonga dirisha lile lile ulilolilipia, hufungui. Na ukungu ukija unalipia weupe. Ile tofauti ya hela ni bora uongeze chumba cha pili cha mama peke yake, maana kiangazi huku Isha inaingia karibu na saa sita usiku na Alfajiri inafuata muda si mrefu, yeye analala vipande vipande, na akiwa chumba kimoja na wajukuu hakuna atakayepumzika.

Basi nikapiga simu hotelini mwenyewe, sikuandika imeili. Swali la kwanza lilikuwa bafu, si bahari. Hoteli nyingi za huku shawa iko juu ya beseni refu la kuogea, lazima uinue mguu uvuke ukingo unaokufika magotini halafu usimame kwenye kitu chenye utelezi. Kwa mtu wa magoti hapo ndo ajali ilipo, wala si kwenye magenge. Dada wa mapokezi akasema vyumba vingi ni vya beseni lakini vipo vichache ghorofa ya chini vyenye shawa ya kuingia moja kwa moja, ina kishikio ukutani, vimewekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na kwenye mtandao haviuziki mpaka upige. Hicho hapo. Kinatazama pakingi, ndicho kile kile shemeji alichokuwa anakikimbia.

Nikauliza kama kuna kiti kisicho na mikono, maana mama anaswali amekaa, akasema watatoa kimoja cha chumba cha chakula. Kibla nilimwekea mama kwenye simu mapema, huku ni mashariki kuelekea kusini, yeye kazoea nyumbani anaelekea kaskazini. Kopo la chooni wabebe wenyewe, hoteli za huku hazina.

Halafu harusi. Hoteli za pwani ya magharibi zinaishi kwa harusi, Ijumaa na Jumamosi ukumbi unapiga muziki mpaka usiku wa manane, na wageni wa hoteli baa yao inaendelea hata baada ya hapo. Uliza moja kwa moja, tarehe zetu kuna harusi? Na chumba chetu kiko juu ya nini? Wao walikuwa wanataka wikiendi ya sikukuu ya mwezi wa sita, ile ambayo Jumatatu ya kwanza ni mapumziko nchi nzima, na dada akakiri kuna harusi mbili mfululizo. Watoto hawajaanza shule, kilichokuwa kinawafunga ni likizo ya baba tu, nikawasukuma waende Jumapili jioni warudi Jumatano. Harusi hakuna, na bei ya usiku mmoja wa ile Jumamosi ilikaribia kuwa sawa na mbili za katikati ya wiki. Kwa kweli hakuna kilichookoa hela kama hicho.

Kwenye bei pia kuna mtego mmoja. Matangazo mengi ya hoteli za Ayalandi yanataja bei kwa mtu mmoja mkilala wawili, unaona euro 95 unafurahi kumbe chumba ni 190. Shemeji alikuwa amelinganisha hoteli moja kwa bei ya mtu na nyingine kwa bei ya chumba, akaona ya kwanza ndo rahisi. Uliza jumla ya chumba kwa usiku, na chai ya asubuhi ndani, na kitanda cha mtoto mchanga kama kinalipiwa. Tukachukua bei ya kufuta bure mpaka siku chache kabla, iko juu kidogo ya ile ya kulipa kabisa, ila ukiwa na watoto wadogo na mzee bei ya kulipa kabisa ni kamari.

Chai ya asubuhi ndo kubwa zaidi kwa mama. Ile sahani yao maarufu ina nyama ya nguruwe ya vipande, soseji za nguruwe, na vile viduara vyeusi na vyeupe, cheusi kimetengenezwa na damu. Yote inakaangwa pamoja. Ukisema tu sili kitimoto wanakutolea soseji wanakuachia yai lililokaangwa kwenye mafuta yale yale. Kwa hiyo nikaomba kabla, yai la kuchemsha, uji wa oti, samoni ya moshi, mkate wao wa kahawia ambao kwa siagi ni mtamu sana, na wakaandika kwenye bukingi. Jioni samaki na chipsi, lakini uliza wanakaangia nini, kuna sehemu wanatumia mafuta ya ng'ombe. Na ile supu nzito ya samaki inayosifiwa pwani yote mara nyingine ina vipande vya nguruwe au divai ndani, usiagize kwa jina, uliza.

Rivyuu nilisoma za miezi ya karibuni tu. Toka 2022 serikali ilikodi hoteli nyingi kwa ajili ya wakimbizi, wengi wa Ukraine, na Clare ilipokea watu wengi sana, Lisdoonvarna hasa. Hoteli nyingine zikafungiwa watalii kwa miaka, zikarudi na wafanyakazi wapya, kwa hiyo sifa ya 2019 haikuambii kitu kuhusu leo.

Sasa ilivyokuwa. Jumatatu walipanda magengeni saa nne asubuhi wakakuta ukungu, hata ule mnara wa O'Brien wa mwaka 1835 hawakuuona. Wakarudi Lahinch, watoto wakachimba mchanga, mama akakaa benchi lake amejifunika kanga juu ya koti, akawa anaongea na bibi mmoja wa hapo kwa Kiingereza chake kidogo na mikono. Jioni wameshakula, baba akachungulia upande wa kaskazini akaona kumekatika. Wakaingia kwenye gari na viatu vya mchanga. Kiangazi kituo cha wageni wanachelewa kufunga, na kina viti vya magurudumu vya kuazima, njia ya kwenye jukwaa la kutazamia imesakafiwa. Mama alisukumwa mpaka kwenye ukuta wa mawe, jua limelala pembeni, magenge yote yamekuwa ya rangi ya shaba mpaka mwisho. Rafiki yangu anasema alikaa kimya kirefu, halafu akauliza samaki wa huku wanavuliwaje na bahari yenyewe haina hata pa kushukia.

Ile njia ya miguu ya ukingoni inayotoka Doolin wasingeigusa hata hivyo, na vipande vyake vilifungwa mwaka 2024 baada ya watu kupoteza maisha, kwa hiyo hata mwenye miguu mizima aangalie kwanza kipi kiko wazi. Jumanne walikwenda darajani Ennistymon na mawe ya Burren kwa gari. Pango la Doolin waliliacha, ngazi zake ni zaidi ya mia moja.

Lalamiko moja walikuwa nalo, chumba cha wazazi kilikuwa ghorofa ya pili na mapazia hayazibi mwanga, mtoto mdogo aliamka saa kumi na moja asubuhi siku zote. Ningewauliza pazia nzito kwenye simu ile ile kama ningejua vyumba vitatenganishwa hivyo, sasa nauliza kila mara.

Ukibadilisha watu, jibu linabadilika. Wawili vijana wasio na gari ningewapeleka Doolin bila kufikiria, basi namba 350 la Bus Éireann linatoka Galway linapita Doolin, magengeni, Lahinch mpaka Ennis, na Ennis ina treni. Waangalie tu ratiba ya kurudi jioni kabla hawajalipia chumba, na wachague nyumba iliyo upande wa Fisher Street ili wasitembee gizani kwenye barabara isiyo na taa. Mwezi wa kumi na mbili ningesema Galway, jua linazama saa kumi na dakika ishirini hivi, boti za Doolin zimesimama, na kule pwani sehemu nyingi zimefunga mpaka majira ya kuchipua.